Thubutu, Lakini Ujue Umeweka Nini Rehani

Kijana anayepanda mwamba anawaza kufika juu. Mtu mzima aliye chini anawaza kuanguka. Mmoja akipaza sauti "shuka!" na mwingine akajibu "nakaribia!", hawazungumzii jambo moja, ndiyo maana makatazo mengi huingia sikio hili yakatokea lile. Sisi tunaofanya kazi ya kuzuia majeraha kwa vijana tumejifunza kuanza mazungumzo pale kijana alipo: anataka nini hasa katika jambo hili, na ni kipande gani cha hatari kinachomletea hicho anachokitaka?

Katika karibu kila jambo la kuthubutu kuna hatari mbili zilizoshikana. Moja ndiyo yenye utamu. Ni ule urefu, ule mwendo, kule kupimana nguvu na mpinzani, moyo kudunda. Ya pili haina utamu wowote, imejiingiza tu kwa sababu hakuna aliyeitoa. Anayejirusha majini kutoka kwenye jabali anafurahia kuruka. Kutojua kina cha maji hakumwongezei furaha hata kidogo. Anayeendesha pikipiki anafurahia upepo na kona. Mkanda wa helmeti ulioachwa wazi haumpi chochote. Tukizitenganisha hizo mbili, kijana hubaki na mchezo wake, na kinachoondoka ni kile ambacho hata yeye hakukitaka. Vijana wanakubali hesabu hii upesi kuliko hotuba yoyote ya "maisha ni zawadi". Picha za damu na majeneza, kwa maoni yetu, hazifai kabisa: hutisha kwa jioni moja, kisha kijana hujiambia kwamba yule wa kwenye picha alikuwa mzembe, yeye siye.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na jumla ya wanaokufa barabarani kwa umri wote ni takriban milioni 1.19 kwa mwaka. Kwa hiyo barabara tutaikalia kwa muda mrefu kidogo, lakini tuanze na kile kinachoumiza mwili.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia James Gibson aliandika kwamba jeraha ni matokeo ya nishati kuufikia mwili kwa kiasi usichoweza kukihimili. William Haddon, daktari wa Marekani, akaifanya fikra hiyo kuwa chombo cha kazi: chunguza yaliyotokea kabla ya tukio, wakati wa tukio, na baada yake, katika kila hatua mwangalie mtu, kifaa na mazingira. Faida ya kufikiri hivi ni kwamba inamwondoa kijana kwenye swali la "mimi ni hodari au si hodari". Hodari na asiye hodari wakianguka kutoka mita kumi wanapigwa na nishati ileile.

Mita kumi hizo si mfano wa bure. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, nishati yake ni sawa na ya kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Kwenye kilomita 30 ni kama mita 3.5. Kwenye kilomita 70 ni zaidi ya mita 19. Angalia jinsi namba zinavyokimbia: mwendo umezidi kidogo tu, urefu umekaribia kuwa maradufu. Ndivyo nishati ya mwendo ilivyo, hukua kwa mraba, mwendo ukiwa mara mbili yenyewe huwa mara nne. Tunawaambia vijana wasimame chini ya jengo, wahesabu ghorofa, halafu waseme ni ghorofa ipi wangekubali kuruka. Baada ya hapo neno "sabini" halisikiki tena kama lilivyosikika mwanzo.

Umbali wa kusimama nao unastahili kupigiwa hesabu mbele yao. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone jambo hadi mguu ukanyage breki. Kwenye kilomita 50 gari limeshakwenda mita 14 kabla breki haijagusa kitu. Barabara ikiwa kavu na breki ziwe nzima, litahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama. Jumla mita 28. Sasa gari la pili, lenye mwendo wa kilomita 70, dereva wake ameona jambo lilelile mahali palepale. Pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda takriban kilomita 58 kwa saa. Mtoto aliyeingia barabarani hapo amenusurika mbele ya gari la kwanza. La pili linampiga kwa mwendo unaoua. Madereva wote wawili wangesema kwa dhati kwamba walifunga breki kwa wakati.

Mkanda wa gari wenye ncha tatu, ambao mhandisi Nils Bohlin aliubuni akiwa Volvo mwaka 1959, unapunguza vifo vya watu wa viti vya mbele kwa karibu nusu. Lakini sehemu ya chini ni lazima ikae juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Wapo wanaoupitisha chini ya kwapa kwa sababu unawasumbua shingoni. Gari likigonga, mkanda wa namna hiyo hubana mbavu za chini, na nyuma ya mbavu hizo kuna ini upande mmoja na wengu upande wa pili. Anayekaa nyuma bila mkanda, kwa upande wake, huwa mzigo unaorushwa mgongoni kwa aliye mbele. Kijana ambaye hajali nafsi yake mara nyingi hujali ya rafiki yake. Mwambie hilo la pili.

Helmeti tuitazame kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo tunapoona makosa mengi yasiyosemwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi unaonyesha kwamba helmeti ya pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Faida hiyo ni ya helmeti iliyobaki kichwani. Ikipaa kabla kichwa hakijafika chini, hukuvaa kitu.

Pima kichwa kwa utepe, sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, ukizungusha sehemu yenye mzingo mkubwa zaidi. Chagua saizi kwa kipimo hicho, usiende kwa kukisia. Ikivaliwa, helmeti ya kufunika uso wote inapaswa kuyabana mashavu kiasi kwamba ukitafuna unayahisi. Ishike kwa mikono miwili, ujaribu kuizungusha kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso inatakiwa iende nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Kisha funga mkanda wa kidevu, uache nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Sasa lifuate jaribio ambalo karibu kila mtu hulisahau: inamisha kichwa mbele, mwenzako ashike ukingo wa nyuma wa helmeti ajaribu kuivua kwa kuivutia mbele. Ikitoka na mkanda umefungwa, hiyo haikufai, hata kama ni ya gharama. Kaa nayo kichwani dakika 15. Ukiona alama nyekundu yenye maumivu katikati ya paji, umbo lake halilingani na kichwa chako. Tafuta umbo lingine, usiende kwenye saizi kubwa zaidi.

Ndani ya helmeti kuna tabaka la povu gumu. Kazi ya povu hilo ni kuminywa na kupondeka ili kichwa kisimame kwa milimita kadhaa badala ya kusimama papo hapo. Likishapondeka halirudi. Helmeti iliyowahi kupiga lami kwa nguvu inaweza kung'aa kwa nje na ikawa imekufa ndani, na ndiyo maana helmeti ya mitumba ambayo huijui historia yake hatuishauri. Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, huchimba povu kidogokidogo. Petroli na rangi za kupuliza huyeyusha povu na kudhoofisha ganda.

Ya baiskeli ina vipimo vyake: ukingo wa mbele ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, na ukipanua kinywa kama mtu anayepiga miayo uhisi helmeti ikivutwa chini. Iliyosukumwa nyuma hadi utosini inaacha paji la uso wazi, na wengi huangukia hapo.

Sasa tuje kwa wenzake kijana, watu wa rika lake wanaomtazama. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu wa makundi matatu ya umri walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na watu wawili wa rika lao. Wale wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa walijiingiza hatarini kiasi cha mara mbili ya walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Hao vijana hawakuwa wajinga wala hawakukosa taarifa. Sehemu za ubongo zinazoshika lijamu huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali zile zinazopenda tuzo na sifa zimeshachangamka mapema. Mbele ya wenzake, tuzo ya kusifiwa inakuwa kubwa na kila kitu kingine kinakuwa kidogo.

Kwa hiyo uamuzi unaofanywa mbele ya kundi ni uamuzi dhaifu, hata ukifanywa na kijana mwenye akili nyingi. Unatakiwa ufanywe mapema, akiwa peke yake au na mtu mmoja anayemwamini. Nani atatuendesha kurudi? Nikikuta amekunywa, nitalala wapi? Nitamwita nani, na simu yangu ina chaji? Majibu haya yakishakuwepo, ile dakika mbaya kijana hahitaji ujasiri mwingi, anatekeleza tu alichokwisha kukipanga.

Tunawafundisha pia kuandaa sentensi. Hotuba haitakiwi, sentensi moja fupi inayowaacha wengine na heshima zao inatosha. "Nishushe hapa, natapika" humsimamisha dereva anayekimbiza gari haraka kuliko "unaendesha vibaya", kwa sababu hakuna dereva anayetaka kiti chake kichafuke, na hakuna aliyeshindwa mbele ya watu. Familia nyingine zina neno la siri: kijana akilituma kwa simu, mzazi humpigia na kumwamuru kwa ukali arudi nyumbani mara moja. Kijana anaondoka akimlalamikia mzazi wake, sura yake imehifadhika. Sharti lake ni moja na wazazi wengi huliharibu: usiku huo hakuna kuhojiwa wala kufokewa. Mzazi akivunja sharti hilo mara moja, neno la siri halitatumwa tena.

Kanuni za kundi nazo zinasaidia. Nyuzilandi mwaka 1987 ilianza kutoa leseni kwa hatua: mwanafunzi kwanza, kisha dereva mwenye mipaka ya usiku na ya abiria, halafu leseni kamili, na nchi nyingi zimeufuata mpango huo. Hata pasipo sheria hiyo, familia inaweza kujiwekea mipaka hiyohiyo kwa dereva mpya: kwa miezi ya mwanzo asibebe rundo la rafiki zake na asiendeshe usiku wa manane. Kila abiria wa rika lake anayeongezeka ni mtazamaji anayeongezeka.

Pombe na usingizi huwekwa mafungu mbalimbali, lakini kwa dereva vinafanana. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya vibaya kiasi cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza madereva wapya wasizidi 0.02, maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba anayeendesha asinywe kabisa. Kahawa na maji ya baridi humchangamsha mlevi bila kumwondolea ulevi. Ini lina kasi yake na halihimizwi. Kwa usingizi, kufungua dirisha na kupandisha sauti ya muziki hakufui dafu. Kinachofaa ni kusimamisha gari mahali salama na kulala dakika 15 hadi 20, na kama usiku bado ni mrefu, kumpa mwingine usukani.

Kuna jambo moja ambalo wakufunzi wenzetu hawapendi kulisikia. Mafunzo yanaweza kuongeza ajali. Norwei iliwahi kuwafundisha madereva vijana namna ya kulirudisha gari linapoteleza kwenye utelezi, na ajali za vijana wa kiume kwenye barabara zenye utelezi ziliongezeka. Walitoka uwanjani wakijiamini kuliko ujuzi walioupata, wakaingia kwenye kona kwa mwendo ambao zamani wangeuogopa. Somo tulilochukua ni kwamba mafunzo mazuri humwacha kijana akijua mipaka yake. Kwenye uwanja wa mazoezi, mwache akose kusimama kwenye mstari alioapa kwamba angesimama. Mwache apite mita tano mbele ya koni. Mpime tena barabara ikiwa na maji. Aondoke na heshima kwa umbali, hata kama hakuondoka na sifa.

Majini pana sheria zake, na hapa tunasisitiza mambo mawili yanayoua waogeleaji wazuri.

La kwanza ni kutangulia na kichwa. Anayeruka kutoka mita 10 anafika kwenye maji akiwa na mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa, yaani tumerudi kwenye gari letu la mwanzo. Maji yakiwa na kina cha kutosha, nishati hiyo humalizika taratibu. Yakiwa machache, kichwa hufika chini kikisukumwa na uzito wa mwili mzima, na shingo ndiyo inayolipa: uti wa mgongo ukikatika hapo, mikono na miguu haisogei tena maishani. Jeraha hili huwapata hasa vijana wa kiume, mara nyingi kwenye maji waliyoyazoea. Mazoea ndiyo mtego wenyewe, kwa kuwa kina cha mto au bahari hubadilika kwa mvua, kwa kupwa na kujaa, na kwa mchanga na magogo yanayohama. Kina cha jana si cha leo. Kwa kuruka kutoka ukingoni tu, usitangulie na kichwa kwenye maji yasiyofika mita 2.7, ukipanda juu zaidi, kina kiongezeke zaidi. Kabla ya mruko wa kwanza wa siku, mmoja aingie kwa miguu, taratibu, azunguke eneo lote la kutua akipapasa chini. Maji ya matope yasiyoonyesha chini ni maji ya kuingia kwa kutembea. Na mwenzako akielea kifudifudi baada ya kuruka, mgeuze uso utoke majini, ukishika kichwa chake kilingane na mwili, mkisubiri watu wa kutosha kumtoa kwa ubao. Asipopumua, kumtoa na kumpulizia pumzi kunatangulia kila kitu.

La pili halijulikani sana: mashindano ya kukaa chini ya maji. Kijana huvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama akiamini anajaza oksijeni. Kwa kweli damu yake ilikuwa imejaa oksijeni tangu mwanzo. Anachofanya ni kuitoa hewa ya kaboni (kabonidioksidi), ile tunayoitoa tukipumua. Hiyo hewa ya kaboni ndiyo inayouambia ubongo "panda ukapumue". Ikipungua, hamu ya kupumua huchelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, na mtu anazimika bila dalili wala kuhangaika. Wenzake wa juu wanamwona ametulia, wanahesabu sekunde na kumshangilia. Kwa hiyo msivute pumzi za haraka, msishindane kukaa chini, na katika mazoezi halali mmoja akiwa chini mwingine awe juu akimtazama yeye tu.

Mkondo unaovuta kuelekea kilindini haushindwi kwa kupigana nao. Elea, inua mkono, halafu ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo ndipo ugeukie nchi kavu. Na anayezama asifuatwe kwa mikono mitupu: mnyooshee mti, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mara nyingi anayezama na aliyemfuata hufa pamoja, na wa pili alikuwa mwogeleaji mzuri.

Michezoni, jeraha tunalolichukia zaidi ni la kano ya ndani ya goti, hasa kwa wasichana wa mpira wa miguu, wa kikapu na wa mikono. Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Ametua kutoka juu au amegeuka ghafla, goti likaingia ndani. Hili linafundishika. Atue kwa miguu yote miwili inapowezekana, magoti yakunjwe na yabaki juu ya vidole vya miguu, kitako kirudi nyuma. Mpango wa FIFA wa kupasha mwili, wenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, mizani na kuruka, huchukua dakika 20, na ulipojaribiwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 nchini Norwei majeraha yalipungua kwa takriban theluthi. Unashindwa kwa sababu moja tu: makocha hukata nusu yake muda ukibana, na nusu wanayoikata ni ile ya nguvu na mizani, ambayo ndiyo dawa.

Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu kuzirai. Ukimwona aliyepigwa kichwa anaduwaa, anauliza alama za mchezo mara ya pili, anayumba au anasema taa zinamuumiza macho, ametoka kwa siku hiyo, hata fainali iwe imebaki dakika mbili. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuua. Akitapika tena na tena, usingizi ukizidi, mboni za macho zikitofautiana au akipata degedege, ni hospitali mara moja. Vinginevyo apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48, arudi kwenye masomo kwanza, kisha mazoezi kwa ngazi, kila ngazi angalau siku nzima, na dalili zikirejea ashuke ngazi moja.

Kazini nako vijana huumia mapema, wakiwa bado wageni na wanaona haya kuuliza. Ngazi iegemezwe kwa uwiano wa nne kwa moja, yaani kila mita nne za kupanda, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani, na ncha yake izidi mahali pa kushukia kwa mita moja. Mashine iliyokwama izimwe na ichomolewe kwenye umeme kabla mkono haujaingia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha bila kukuona.

Linabaki swali ambalo vijana hutuuliza kila mahali: "Mbona nimefanya mara nyingi na sijaumia?" Tunawajibu kwa hesabu. Tuseme jambo lina nafasi moja tu katika mia ya kukuumiza. Ukilifanya mara moja, una haki ya kutulia. Ukilifanya mara 200, nafasi ya kuumia angalau mara moja imefika asilimia 87. Kunusurika mara nyingi hakuonyeshi kuwa njia ni salama. Kunaonyesha kuwa bado unaongeza idadi.

Ndiyo maana nusura tunazipenda kama mali. Mguu uliteleza akashika tawi. Gari lilipita kwa kiganja. Kamba ilikatika akiwa bado karibu na ardhi. Kila moja ni ajali kamili iliyokosa kipande kimoja. Tunakaa na kundi siku hiyohiyo kwa dakika kumi, bila lawama, na mkubwa yeyote anayeanza kufoka tunamwomba atoke, maana akifoka leo kesho hataambiwa. Tunauliza kilichotokea, kipande gani kilikosekana ili iwe ajali, na kama kipande hicho kilizuiwa na mpango au na bahati. Halafu tunauliza nini kitabadilika mara ijayo na nani atakishughulikia. Wakijibu "tutakuwa waangalifu", tunawarudisha kwenye swali, kwa sababu jibu hilo halina mwenyewe. Wakisema kamba mpya ya mita 15 itakuwa kwenye mfuko wa fulani, na kwamba hakuna anayeruka kabla yake hajafika, kikao kinafungwa na wanarudi kucheza.